Picha Mbili za Bwana Raj Khosla

Mtu akaaye Temeke miaka miwili mitatu hana budi kuzijua picha za Kihindi, apende asipende. Jioni akipita katika vichochoro vya Tandika au vya Mtoni atasikia nyimbo zake zikitoka madirishani, na watoto wasiojua maana ya neno moja la Kihindi wataziimba tangu mwanzo hata mwisho pasipo kukosea. Wazee wetu walikuwa wakivaa nguo zao njema siku ya Jumapili, wakaenda mjini, Empire, au Avalon, au New Chox, kuzitazama. Majumba yale yamekwisha fungwa, lakini picha hazikufa pamoja nayo. Zilihamia katika kanda za video, kisha katika sahani, na leo zimo ndani ya simu ambayo mtu aitia mfukoni.

Jirani yangu mmoja, fundi cherehani, mzee aliyepita miaka sabini, aliniita nyumbani kwake wakati wa masika tutazame pamoja picha mbili alizozipenda ujanani. Ya kwanza yaitwa Woh Kaun Thi?, maana yake "Alikuwa nani yule?", nayo ni ya mwaka 1964. Ya pili ni Mera Saaya, yaani "Kivuli changu", ya mwaka 1966. Zote mbili aliziongoza mtu mmoja, Bwana Raj Khosla, na katika zote mbili bibi mmoja, Sadhana, acheza watu wawili wafananao kama sarafu mbili za thamani moja. Tulipokwisha tazama tulibishana hata majogoo. Yeye aliishika ya kwanza, mimi ya pili. Naandika haya kwa kuwa usiku ule sikupata kuzisema hoja zangu zote. Mzee akisema, kijana hunyamaza, hasa kijana aliyekula ugali wa mzee.

Sina budi kutoa onyo. Picha za namna hii zasimama juu ya siri, nami siwezi kuzipima bila kuitoa siri hiyo. Asiyetaka kujua mwisho wake, na aufunge ukurasa huu sasa, aende akatazame kwanza.

Habari za mwongozaji ni fupi. Alizaliwa mwaka 1925, akafa mwaka 1991. Katika ujana wake alitaka kuwa mwimbaji, akafanya kazi katika redio ya India. Ndipo akaingia katika kazi ya picha, akawa msaidizi wa Guru Dutt, bwana mkubwa wa kazi hiyo, naye ndiye aliyegharimia ile C.I.D. ya mwaka 1956 iliyomtangaza Khosla kwa watu. Nalitaja hili la uimbaji kwa sababu. Waongozaji wengi huweka wimbo pale ambapo hadithi imechoka, watu wapumzike. Khosla aliyetaka kuimba na asiimbe hakufanya hivyo. Katika picha zake hizi mbili wimbo ni shahidi, na mara nyingine ni shahidi wa uongo. Nyimbo za zote mbili zilitungwa na Madan Mohan, na maneno yake na Raja Mehdi Ali Khan.

Basi, picha ya kwanza. Daktari mmoja, jina lake Anand, aendesha motokaa usiku, mvua yanyesha kwa nguvu. Mbele yake njiani amesimama mwanamke aliyevaa nguo nyeupe tupu. Daktari amhurumia, ampakia. Mara waipa za kioo zasimama, wala njia haionekani tena. Lakini mwanamke asema yeye aiona, naye amwelekeza, kata huku, kata kule, hata wafika penye makaburi. Hapo ashuka. Lango lafunguka lenyewe, naye apotea ndani yake, na sauti ya wimbo yasikika.

Nani akaaye Kinondoni asiyeijua hadithi hii? Mimi niliisikia nikiwa mtoto, ikisimuliwa juu ya dereva wa teksi. Mwaka juzi niliisikia tena, mara hii juu ya kijana wa bodaboda. Abiria ni mwanamke mzuri. Aomba apelekwe karibu na makaburi ya Kinondoni. Dereva akigeuka kupokea nauli haoni mtu. Kila asimuliaye amjua mtu amjuaye dereva, wala sijapata kuonana na mtu amjuaye dereva mwenyewe. Kwa hiyo Khosla alipoanza picha yake kwa motokaa, mvua na makaburi, hakuwa na haja ya kutuogopesha sisi wa Pwani. Tulikuwa tumekwisha ogopa kabla hatujaketi.

Kisha mambo yazidi. Mchumba wa daktari auawa kwa sindano ya sumu. Usiku mwingine wa mvua aitwa kumtibu mgonjwa katika nyumba kuukuu. Afika, aona mgonjwa amekwisha kufa, na uso wa maiti ni uso wa yule mwanamke wa njiani. Ndipo aambiwa ya kuwa nyumba ile ni gofu lisilokaliwa na mtu. Mama yake amwoza mke asiyemwona kwanza. Usiku wa arusi afunua ushungi, na uso ni ule ule. Maskini daktari aanza kuiogopa nyumba yake mwenyewe, na kitanda chake, na mwisho akili zake.

Mwisho wa yote twaambiwa kwamba hapakuwa na mzimu. Palikuwa na urithi. Anand alikuwa amewekewa mali nyingi kwa sharti kwamba awe na akili timamu. Akipatwa na wazimu, mali yaende kwa Ramesh, mwenzake aliyekuwa akifanya naye kazi na kumpa mkono kila asubuhi. Ramesh huyo alimpata pacha wa mke wa Anand, waliotengana tangu utoto, akamvika nguo nyeupe.

Hapa mzee jirani yangu alipiga paja. "Umeona, mwalimu? Mzimu una hati ya nyumba mkononi!" Na kweli neno lile lilikuwa zito kuliko alivyodhani yeye mwenyewe. Katika mitaa yetu hii, ambapo kiwanja kilichonunuliwa kwa fedha chache zamani sasa chatafutwa na wenye maghorofa, ni nani asiyejua nyumba ambayo baba amefariki, na mara mjane aanza kusikia vishindo darini, au kijana mrithi aanza kuitwa mwenye mashetani? Simsemi mtu. Nasema tu kwamba mara nyingi wa kwanza kusema "huyu kichwa chake hakiko sawa" ni yule ambaye angefaidika kama neno hilo lingekuwa kweli. Woh Kaun Thi? yalijua jambo hili, na kwa ajili hiyo naiheshimu. Yachukua hofu yetu ya kale, yatuonjesha mpaka twasisimka, kisha yatuonyesha mkono ulioshika kamba.

Lakini yatuonyesha mkono huo katika dakika za mwisho kabisa, kwa haraka, kama mwenye duka afungaye hesabu huku taa yazimika. Mambo tuliyoonyeshwa ni mengi, na maelezo ni machache. Deni halilipwi lote. Tena kuna kosa kubwa kuliko hilo. Katika nyumba ya Anand yumo mke halisi, Sandhya, msichana asiye na hatia, aliyeolewa na mtu amtazamaye kama maiti iliyofufuka. Usiku wa arusi yake mume amkimbia. Huyu ndiye mwenye msiba mkubwa katika habari yote! Bali picha haiwezi kutuambia msiba wake, kwa sababu ikituambia, siri imevunjika. Hata unapoimbwa ule wimbo uitwao Lag Ja Gale, ambao naona ni mzuri kuliko nyimbo zote za picha hizi mbili, twautazama uso wa Sadhana tukiuliza, huyu ni mke au ni yule mwingine? Swali hilo latunyima machozi. Mtu hawezi kumlilia asiyemjua.

(Husimuliwa kwamba Khosla aliposikia wimbo huo mara ya kwanza hakuupenda, hata Manoj Kumar, achezaye daktari, akamsihi ausikilize tena. Kama ni kweli, basi na mabwana wakubwa nao wana siku zao za uziwi.)

Nichukue nafasi kidogo kusema habari ya Alfred Hitchcock, Mwingereza wa London aliyekwenda Marekani, maana Wahindi wengi wa wakati ule walijifunza kwake, na magazeti ya kwao yalizoea kumlinganisha Khosla naye. Katika mazungumzo yake na Mfaransa François Truffaut, yaliyochapwa kuwa kitabu mwaka 1966, alieleza tofauti kati ya kushtua na kutia wasiwasi. Watu wameketi mezani waongea mambo ya upuuzi. Bomu lapasuka chini ya meza: tumeshtuka nukta moja, basi. Lakini kama sisi tumeliona bomu kabla, na wale wa mezani hawajui, basi maneno yao yale yale ya upuuzi yatutoa jasho. Naye alitenda alivyosema. Katika Vertigo ya mwaka 1958, ambayo nayo ni habari ya mwanamke mmoja aliyefanywa wawili kwa hila, atupa sisi siri kabla mwanamume ampendaye hajaijua, picha ikiwa bado ina safari ndefu mbele.

Khosla hakufanya hivyo katika picha ya kwanza, wala, kwa haraka ya macho, katika ya pili. Katika zote mbili bomu limefichwa hata kwetu. Lakini naona katika Mera Saaya alitenda jambo ambalo labda hakulikusudia, na ndilo nililotaka kumwambia mzee.

Sikilizeni habari yenyewe. Wakili mashuhuri, Rakesh, achezwaye na Sunil Dutt, arudi safari na kumkuta mkewe Geeta ni mgonjwa mahututi. Afa mikononi mwake. Mwili wachomwa kwa desturi ya Kihindu. Mume abaki na huzuni, na wimbo wa mkewe wamfuata katika vyumba vitupu. Kisha polisi wamletea habari: katika kuwashambulia wanyang'anyi wamemkamata mwanamke, jina lake Raina, naye asema, mimi ni Geeta, mke wa wakili. Uso ni wa Geeta. Sauti ni ya Geeta. Lakini mume amemzika mkewe, niseme amemchoma, kwa mikono yake. Amwona mwanamke huyu kuwa mwizi wa mwisho, aliyekuja kuiba hata kumbukumbu ya marehemu.

Basi kesi yaenda mahakamani, na wakili mwenyewe asimama kumhoji. Hapa ndipo ilipo nguvu ya picha. Hapana mvua, hapana makaburi, hapana lango lifungukalo lenyewe. Pana chumba cha mchana, watu wameketi, na mtu mmoja auliza na mwingine ajibu. Mwanamke ataja mambo ya ndani ambayo hayajui ila mume na mke. Kila jibu lililo sawa lamkasirisha mume zaidi, badala ya kumlainisha. Mwisho amwuliza habari ya mangalsutra, ule mkufu wa ndoa ambao mke wa Kihindu hautoi shingoni mwake maadamu mumewe yu hai: uko wapi? Mwanamke hana jibu. Jibu moja tu limekosekana, na majibu yote ya kwanza yageuka kuwa uongo. Akili zamruka, apelekwa hospitali ya wenye wazimu.

Na kumbe ndiye mke. Aliyekufa alikuwa pacha wake, mke wa mnyang'anyi, aliyekuja kwake kujificha akiwa mgonjwa. Geeta hakuwa amemwambia mumewe kwamba ana ndugu wa namna hiyo. Wanyang'anyi wakamkamata yeye wakidhani ni mwenzao, na mume akarudi akamkuta mwingine kitandani.

Sasa hebu msomaji azitazame picha hizi mbili mara ya pili, akiwa anajua mwisho. Mimi nilifanya hivyo juma lililofuata, peke yangu, kwa simu, watoto wamelala. Woh Kaun Thi? ilikuwa imekauka. Mwanamke mweupe alisimama njiani, nami nikasema moyoni, huyo ni pacha, ametumwa na Ramesh, sasa ataingia motokaa. Hofu yote ilikuwa imetoka kama upepo katika mpira. Picha zake bado zapendeza macho, maana ni za rangi nyeupe na nyeusi zilizopigwa kwa ustadi, na mpiga picha K. H. Kapadia alipewa tuzo la Filmfare kwa ajili yake, wala hakulipata bure. Lakini moyo haukusogea.

Mera Saaya ilinitesa. Mara ya kwanza nilikaa upande wa mume, nikamshangilia kila alipomnasa yule mwongo. Mara ya pili nilijua kwamba ni mkewe. Maneno ni yale yale, nyuso ni zile zile, lakini sasa bomu la Hitchcock lilikuwa chini ya meza nami naliona. Mwanamke asema kweli tupu, na mtu ampendaye kuliko wote duniani ndiye autumiaye ustadi wake wote kumfanya mwongo. Tena afanya hivyo kwa sababu ampenda! Lau angalimpenda kidogo, angalikuwa na nafasi ya kutia shaka. Hili Khosla hakulitamka kwa maneno, ila liko pale, lamngoja atakayerudi.

Mzee alikuwa na hoja yake, nami siwezi kuificha. Alisema, "Mwanangu, habari hii haisimami. Huyo mwanamke ana kinywa. Kwa nini asiseme tangu siku ya kwanza kwamba ana pacha? Neno moja tu, kesi imekwisha." Usiku ule sikuwa na jibu. Kweli, kwa sheria ya kutunga hadithi, hili ni tundu kubwa, nao wengi wamelitia kidole.

Lakini nilipokwenda nyumbani nilimkumbuka mtoto mmoja niliyemfundisha miaka kadhaa iliyopita, katika shule ambayo sitaitaja. Fedha za mwenzake zilipotea wakati wa mapumziko. Nilimhoji mimi mwenyewe, mbele ya darasa, nami nilijiona hodari. Alijibu kila swali sawasawa. Kisha nikamwuliza, wakati wa mapumziko ulikuwa wapi? Akanyamaza. Nikauliza tena, akatazama chini. Basi nikamhukumu. Baada ya siku nne fedha zilionekana katika daftari la mwenyewe, na nikaambiwa na watoto wengine kwamba yule kijana huenda kila mapumziko nyuma ya kituo cha daladala, mama yake auzapo chakula, amwoshee sahani. Na kwamba afadhali aitwe mwizi kuliko darasa zima lijue. Alikuwa na kinywa. Alikuwa na neno moja la kuimaliza kesi. Nilikwenda kwao kuomba radhi; mama yake alinikaribisha kwa heshima, akanipa chai, na yule mtoto hakutoka chumbani.

Kwa hiyo tundu lile mimi silioni tena kama tundu. Geeta alificha ndugu mnyang'anyi katika nyumba ya wakili. Nani angalisema hayo mbele ya mahakama, wakati aulizaye ni mumewe na sauti yake ni ya chuki?

Isidhaniwe kwamba Mera Saaya haina makosa. Hadithi yake si yake: iliigwa kutoka picha ya Kimarathi ya Raja Paranjpe, iitwayo Pathlaag, ya mwaka 1964. Mambo ya wanyang'anyi ni ya mbio mbio na kelele, na rangi zake mahali pengine zang'aa kupita kiasi, kama khanga mpya. Tena kurudia pacha baada ya miaka miwili tu ni uvivu. Mwaka 1967 Khosla alimchukua Sadhana mara ya tatu katika Anita, na hapo, kwa maoni yangu, kisima kilikuwa kimepungua maji. Ngoma ya sokoni, ile ya hereni iliyopotea Bareilly, haina kazi kubwa katika habari. Lakini nani atathubutu kuikata? Mwaka 2020 wenyeji wa Bareilly walisimamishiwa hereni kubwa mno kando ya barabara kwa ajili ya wimbo huo. Hapo mhakiki aweka kalamu chini.

Nina neno moja bado juu ya asili ya picha hizi. Mwaka 1860 Mwingereza Wilkie Collins alitoa kitabu cha mwanamke aliyevaa nguo nyeupe, akutwaye njiani usiku. Wengi husema Woh Kaun Thi? yatoka humo. Lakini wasomao kitabu kile hata mwisho waona kwamba ndani yake mwanamke mmoja azikwa kwa jina la mwingine, na aliye hai afungwa pamoja na wenye wazimu, akipiga kelele kwamba yeye ndiye yeye. Hiyo si picha ya kwanza ya Khosla. Ni ya pili. Sisemi aliinakili. Nasema tu kwamba aliuchukua mlango wa kitabu kile mwaka 1964, na miaka miwili baadaye, kwa njia ya Kimarathi, akafika chumbani.

Nilimpelekea mzee hoja hizi zote Jumamosi iliyopita. Alinisikiliza, uzi ukiwa mdomoni, mpaka nikamaliza na habari ya mtoto yule. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Lakini mimi nilipoitazama ile ya kwanza nilikuwa kijana, mvua ilinyesha, na nilikuwa sina nauli ya kurudi Temeke. Nilitembea kwa miguu, usiku, peke yangu. Wewe umeitazama umelala kitandani." Akaingiza uzi katika sindano, akaniuliza kama ninayo ile Anita.